Kuzima na Kuwasha

“Fanya yote, lakini usiizime,” Mwanzia alisema, na hakuiachilia simu mpaka Muinde alipoitikia kwa kichwa.

Ilikuwa simu ya mkewe, Mutheu. Mwanzia akaweka kidole gumba, ikafunguka polepole.

Muinde, fundi wa simu karibu na soko la Voi, akacheka. “Mke amekuwekea kidole kwa simu yake? Wangu mimi anaoga nayo.”

Mwanzia hakucheka. “Tangu asubuhi ujumbe hauendi. Unazunguka tu. Mama yake yuko Kitui, ana presha na masikio yameisha, hawezi kuongea kwa simu. Kila siku saa kumi anasoma ujumbe wa Mutheu ndipo anameza dawa. Asipouona hamezi, na ataanza safari ya kuja huku. Moyo wake hautafika Voi.”

“Mwandikie wewe, kwa simu yako.”

“Mimi? Nimwandikie mkwe?”

Muinde akaelewa. Yeye pia ni Mkamba. Akimwona mama wa mkewe barabarani, huingia duka lolote lililo wazi wasikutane.

Akabonyeza hapa na pale. Simu ilikuwa moto kama sufuria. “Hii ilizimwa lini mara ya mwisho?”

“Sijawahi kuizima.”

“Ndiyo shida yenyewe. Simu huzimwa na kuwashwa mara moja kwa wiki. Si kila siku, mara moja tu. Hata punda hufunguliwa mkokoteni.”

“Nimesema usiizime.”

“Ndugu yangu, kazi hii nimeifanya miaka kumi na miwili.”

Mwanzia akageuka kutazama saa ya ukutani. Saa kumi kasorobo. Nyuma yake Muinde akabonyeza, kioo kikawa cheusi.

Mwanzia alipogeuka akakiona. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akasubiri.

Simu ikawaka, nyepesi kama mpya.

“Unaona?” Muinde akasema. “Dawa ni hiyo tu. Haya, weka kidole.”

Mwanzia akaweka. Ikakataa. Akapangusa kidole kwa shati, akaweka tena. Ikakataa.

“Ikitoka kuzimwa hutaka namba ya siri kwanza,” Muinde akasema. “Na laini nayo imefungwa, inataka yake. Ni ngapi?”

“Sijui.”

“Si Mutheu anajua? Panda bodaboda umuulize. Dakika kumi zinatosha, bwana, acha kunitazama hivyo.”

“Yuko mochari,” Mwanzia akasema. “Leo siku ya tisa. Wa kumwambia mama yake ni mjomba, na mjomba anafika Jumamosi. Mpaka hapo, Mutheu ni mimi.”