Nyuma ya Pazia

Siku ya wazazi, mwalimu wa Kiingereza aliwekwa kwenye kigoda nyuma ya pazia la darasa, kipaza sauti mkononi.

Kwao alikula vumbi la chaki miaka kumi na tisa, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza ugenini. Kwenye simu, mkuu wa shule aliisifu sauti yake mpaka basi. Walipoonana uso kwa uso, alimkagua kutoka utosini hadi unyayoni, akasema wazazi hulipia sura.

Sura ikatafutwa. Mbele ya darasa alisimama jamaa wa matangazo ya dawa ya meno, macho ya buluu, Kiingereza kikimpiga chenga vibaya. Alichomekwa kidude sikioni, na kila alichonong'onezwa alikirudia kama kasuku, hata kikohozi.

Asubuhi hiyo mama yake mwalimu alikuwa amepiga simu.

"Mwanangu, watoto wa huko wanakuitaje?"

"Mwalimu, mama."

"Nilijua tu! Nimeshawatangazia majirani wote."

Sasa msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akauliza swali zuri, la mtoto anayefikiri. Jamaa akatabasamu. Akagusa sikio, akangoja.

"Mpe jibu, upesi!" mkuu akanong'ona kwa ukali nyuma ya pazia, jasho likimtoka.

Mwalimu akakifuta kipaza sauti kwa upindo wa gauni. Akakisogeza mdomoni, akasema taratibu, neno moja moja.

Naye jamaa, meno yote nje, akawatangazia wazazi: "Swali hilo atalijibu mwalimu wenu. Amekaa nyuma ya pazia hili. Tafadhali, livuteni."