Mvua ya Lushoto

Kila alfajiri, kinasa kilichopandikizwa kichwani mwa Hemedi kutunza kumbukumbu zake kilizikagua moja moja, kuhakikisha ya mtu huyu haijachanganyika na ya yule, kabla ya kumruhusu aamke. Ukaguzi huo ulichukua muda mrefu, na mkewe, Tunu, alibaki kitandani akimtazama tu. Waume wa majirani walishauzima zamani. Wao wakifumbua macho, mara wako mezani wanacheka na wake zao.

Kungoja angevumilia. Kilichomkereketa maini ni lile tabasamu. Katikati ya ukaguzi Hemedi alitabasamu usingizini, na Tunu alijua amefika Lushoto, kwenye mvua iliyomlowesha yeye na marehemu Zaina, mke wake wa kwanza. Tunu hakuwahi kutabasamiwa hivyo, hata siku ya harusi.

"Mtu yuko kaburini, bado ananipokonya asubuhi zangu!"

Leo uzalendo ulimshinda. Akapapasa nyuma ya sikio la mumewe, akauzima ukaguzi.

Hemedi alifumbua macho papo hapo. Akamtazama, akatabasamu tabasamu lile lile.

"Mke wangu, unaikumbuka mvua ya Lushoto? Tulivyolowa!"

Tunu alikuwa hajawahi kukanyaga Lushoto, lakini moyo ulimchanua. "Nitaisahauje, mume wangu?"

Hemedi akaushika mkono wake, akauminyaminya kama anayehakikisha kitu. Tabasamu likafifia.

"Lakini," akanong'ona, huku akijivuta nyuma mpaka ukutani, "si nilikuzika?"