Meno ya Nyuma

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, kiwanda cha magodoro kiliwaka moto mlango ukiwa umefungwa kwa nje. Wafanyakazi walipenya dirishani. Mke wa fundi baiskeli, aliyekuwa kwenye cherehani ya kushonea vifuniko vya magodoro, mwili ulimkatalia kupenya, akafia ndani. Alhamisi akazikwa, jeneza halikufunuliwa kwa jinsi alivyoungua.

Wakubwa hawakukanyaga makaburini. Walisema tu mlango ulikuwa wazi, basi. Wenzake marehemu, wanaotaka kubaki kazini, wakafyata midomo. Fundi hakuwa na shule ya kubishana na watu wa tai, lakini neno moja alilishikilia: siku tume ya kuchunguza moto huo itakapokaa, atasimama aseme mke wake alifungiwa ndani. Kingine hakutaka.

Kabla ya siku hiyo alikuja afisa utumishi wa kiwanda, mpole kupita kiasi, suti nyeusi kama ndiye mfiwa. Alisema kampuni imeamua kumtengenezea marehemu sura ya ukumbusho, itundikwe getini.

Fundi alitaka kumfukuza. Kisha akafikiria zile picha chache za simu, zote mkewe ameziba uso kwa kiganja. Akakubali.

Ndipo akajikuta ameketi kando ya msichana mchoraji, anayefinyanga kichwa ndani ya kompyuta kwa kalamu isiyo na wino, akikigeuza huku na huku kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Umemremba mno," fundi alisema. "Huyo mtangazaji wa runinga. Wangu shavu la kushoto lilijaa kuliko la kulia."

"Hivi, baba?"

"Ongeza. Na hapo chini ya jicho alirukiwa na mafuta ya moto. Usilifiche kovu, atanuna."

Msichana akacheka, akaliweka. Akatoboa vitundu vya ngozi, akapanda kope moja moja, akautia mdomo unyevu. Alipowasha mwanga ndani ya macho, fundi alitoka nje akaegemea ukuta.

Aliporudi, msichana alikuwa na swali. "Meno ya nyuma yalikuwaje?"

"Ya nyuma? Kwani hiyo picha itapiga miayo getini?"

"Nimeagizwa kichwa kizima, baba. Mimi wananiambia, nafanya. Na akikasirika, nyusi zinakwendaje? Sauti zake unazo kwenye simu?"

"Ninazo."

"Nitumie zote."

"Hata za ugomvi?"

"Hata hizo."

"Utachoka, mwanangu. Hizo ndizo nyingi."

Akatuma zote. Akaeleza nyusi, akaeleza jino lililong'olewa, akaeleza anavyomeza mate kabla ya kusema jambo zito. Tangu mazishi hakuna aliyemuuliza habari za mke wake, na sasa maneno yalimtoka yenyewe.

Tume ikakaa. Wakubwa walijipanga mbele, wamenyoa vizuri, na wakili wao katikati. Fundi aliapishwa. Kabla hajatamka lile neno lake, wakili akawasha skrini kubwa. Sura ikatokea, imetulia, kovu chini ya jicho.

"Mzee, unamtambua huyu?"

Fundi akajinyoosha. "Ndiye. Mke wangu."

"Huna shaka? Umeapa."

"Nimelala naye kitanda kimoja ujana wangu wote. Shaka ya nini?"

Wakili akabonyeza.

Mwanamke kwenye skrini akapepesa macho. Akameza mate, akakunja nyusi, akafungua mdomo. Kwa sauti yake mwenyewe akasema siku ile mlango ulikuwa wazi, alitoka salama, akapitiliza hadi stendi ya mabasi akaenda zake; ndoa ilimchosha, asitafutwe.

Mwenyekiti wa tume akavua miwani, akamtazama fundi.

"Mkeo ni mzima, na umemtambua wewe mwenyewe. Sasa tuambie, mzee: kwenye lile jeneza mlilozika bila kulifunua, alikuwamo nani?"