Meno ya Fisi na Mafunzo ya Nyati

"Mwalimu, meno haya yakivunjika nitatafunia nini?"

Fisi Nyangoma aliuliza hivyo siku yake ya kwanza ya kunyanyua magogo. Mwalimu Nyati, bingwa wa msitu mzima, alifoka tu: "Uma meno, binti! Saga! Nguvu zinatoka hapo!" Wenzake wakamcheka, eti anadeka.

Basi Nyangoma akauma meno, mpaka taya likawa linajisaga lenyewe usingizini. Siku ya mashindano aliinua gogo zito kuliko wote, na magego yake mawili yakapasuka. Uwanja ukampigia makofi. Makofi ya nini, kwa fisi asiyeweza tena kuvunja mfupa?

Kesho yake alimkuta Nyati anacheua. "Mwalimu, hebu panua kinywa."

Nyati akapanua kwa maringo. Mbele, ufizi wa juu ulikuwa mtupu. Hapajawahi kuota jino.

"Kumbe wewe hujawahi kuuma meno! Ubingwa uliupata vipi?"

"Kwa shingo," akasema Nyati. "Hayo ya meno niliyasikia tu, nikaona yanatia hamasa."

Nyangoma akawageukia wanafunzi wapya, waliokwisha kukaza mataya kwenye foleni.

"Jamani, nawaomba, legezeni taya kabla hamjanyanyua."