Kaseti Mbili Nyuma ya Pazia

Muhdhar alifunga mlango wa duka, akateremsha komeo, kisha akachagua kuketi mahali ambapo angeuona vizuri mguu wa Nicanor.

"Mbona waenda kukaa kule?" Nicanor aliuliza kwa sauti ya mtu anayeita meli. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote karibu na mitambo ya Kilindini, na watu wa Mji wa Kale walishaizoea sauti hiyo.

"Huku kuna hewa," Muhdhar alijibu, naye kwa sauti kubwa, maana siku hizi hakuwa na hakika kama sauti yake inatoka.

Hewa ilikuwapo kweli. Feni ilizunguka darini, juu ya rafu za kaseti. Duka lilikuwa kichochoroni, nyuma ya Biashara Street, na katikati ya wauza leso wote wale ndilo peke yake lililouza muziki wa roki. Wanawake waliopita na vifurushi vyao waliamini kwamba mle ndani kuna fundi wa kuchomelea vyuma.

Lakini kwa wapenda roki, Muhdhar alikuwa kadhi. Vijana walitoka hata Tononoka kuja kumwuliza mpiga gitaa yupi ni bora. Akitoa hukumu, walinunua. Ndiyo iliyokuwa riziki yake.

Na masikio yake yalikuwa yamekufa.

Yalianza kufifia mwaka juzi. Sasa, mwaka wa tisini na tisa, hata adhana aliijua kwa kuona watu wakiinuka. Hakumwambia mtu. Maneno aliyasoma midomoni, na muziki aliusoma kwenye miili ya wateja: mabega, vidole, miguu. Nani angenunua kaseti kwa kiziwi?

Ugomvi wake na Nicanor ulihusu solo moja tu ya gitaa. Mwingereza mmoja aliitunga, na hakuna mpenda roki asiyeijua. Baadaye Mmarekani mmoja akaipiga jukwaani kwa namna yake. Muhdhar alishikilia kwamba hakuna aliyewahi kuipiga kama Mwingereza usiku ule wa London. Nicanor alishikilia Mmarekani alipokuwa Tokyo. Walibishana mpaka wake zao wakachoka kuwapatanisha, wakaanza kutembeleana wenyewe.

Juzi, mbele ya baraza nzima, Nicanor alisimama. "Basi tusikize bila kuambiwa ipi ni ipi. Asiyetambua ya kwake, asihukumu tena hapa!"

Watu walipiga makofi. Muhdhar alipiga pia, na alipokuja kuelewa amekubali nini, alikuwa ameshachelewa.

Sasa Sheikha, binti wa nduguye, alisimama mbele yao akiwa na kaseti mbili mkononi. Redio kubwa ilikuwa nyuma ya pazia.

"Piga hii, ngoja kidogo, kisha piga ile," Nicanor alimwagiza. "Na usichungulie, mwanangu. Uso wako utatupa jibu."

"Haya, ami Nicanor."

Sheikha akaingia nyuma ya pazia. Pazia likatikisika, likatulia.

Muhdhar alifumba macho kama wafanyavyo wajuzi, akaacha upenyo mdogo. Mguu wa Nicanor ulikuwa kimya. Muhdhar akatikisa kichwa taratibu, kwa tahadhari, na papo hapo mguu ule ukaanza kugonga sakafu. Alhamdulillahi. Imeanza.

Pazia likacheza tena kidogo. Spika hizo, alijiambia.

Nicanor alikuwa akipiga nyuzi juu ya tumbo lake. Muhdhar hakukubali kupitwa. Aliuma mdomo, akainua nyusi, akakunja uso pale ambapo mtu mwenye moyo hana budi kuukunja. Shati lilimgandama mgongoni. Joto lilikuwa limezidi ghafla. Hofu, alijiambia, ina moto wake.

Akatoa leso ya mfukoni, akajifuta uso. Nicanor akafumbua macho na kupiga makofi. Muhdhar akapiga pia.

Wakatulia kidogo. Kisha mguu ukaanza upya, wa polepole safari hii, na Muhdhar akaufuata kwa kichwa mpaka jasho likamwingia machoni, akaonekana analia. Nicanor alipoyaona machozi yale, naye akajifuta yake.

"Haya, sema," Nicanor alinguruma mwishowe, akimkodolea macho mdomoni.

"Sema wewe."

"La, wewe ndiwe mwenye duka."

Riziki yote ya Muhdhar ilikuwa kwenye neno moja. "Ya kwanza," alianza, akiutazama uso wa mwenzake, "ilikuwa ya Mwingereza..." Uso ule ukaingia wasiwasi. "...ya Mwingereza isingekuwa na haraka vile! Ile ilikuwa ya Mmarekani wako."

Nicanor akashusha pumzi. "Haki ya Mungu! Ndivyo nilivyotaka kusema! Na ya pili ni Mwingereza wako. Bwana Muhdhar, leo nimesalimu amri. Ile nota ya mwisho imenichana."

"Na Mmarekani wako vile vidole vyake! Nilimwonea bure miaka yote!"

Wakakumbatiana, wamelowa jasho, wazee wawili waliokubaliana kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

Pazia likafunguka. Sheikha alikuwa anahema, kashika betri nne mpya kifuani.

"Niwieni radhi, ami. Niliwaita, niliwaita. Stima zilikatika hata sijatia kaseti, nikapitia mlango wa nyuma kutafuta betri. Haya, sasa nipige ya kwanza?"

Muhdhar aliisoma midomo yake mpaka neno la mwisho. Alipogeuka kumtazama Nicanor, alimkuta naye ndiyo kwanza anamaliza kuisoma.