Bega la Kushoto la Clémence

"Watu wote walikuwa uchi," Clémence alisema, "na hakuna hata mmoja aliyeliona bega langu."

Fundi Yasini alikuwa na pini tatu mdomoni, kwa hiyo hakulazimika kujibu. Aliinamia pindo la gauni jeupe, akachomeka pini ya kwanza.

Lilikuwa gauni la harusi. Harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya kuahirishwa mara mbili, na mara zote mbili sababu ilikuwa bega la kushoto. Clémence alikuwa na hakika kwamba limeshuka. Picha zitalionyesha, alisema, zitafika kwao Bujumbura, na shangazi zake watazivuta kwenye simu mpaka walione. Cédric, mchumba wake, ni mtu mpole, lakini safari hii alikuwa amemwambia kwamba hatamrudia padri kuomba tarehe nyingine. Ikivunjika, imevunjika.

Yasini ni mtu wa Tanga. Kibanda chake cha ushonaji kiko mtaa wa Rosettenville, nyuma ya duka la mikate la Mreno mmoja. Clémence alimjia mara ya kwanza miaka sita nyuma, begi likining'inia bega la kulia. Ndani yake mlikuwa na Biblia na mifuko miwili ya unga wa pap, ule wa ugali, na wala hakuwa anatoka dukani. Alieleza bila haya kwamba tangu ana miaka kumi na minne mizigo yote huibeba kulia, ili bega hilo nalo lishuke, likutane na mwenzake. Mpaka siku hiyo lilikuwa limegoma. Basi akamwomba fundi amwekee pedi ya kuinulia bega la kushoto.

Yasini alimpima mara tatu. Hakuwa mtu wa kukimbilia kusema. Aliandika kwenye daftari, akasema, "Nimekuelewa, dada."

Siku ya kuchukua gauni alimweleza kwamba pedi imo ndani ya bitana, ni nyembamba, asiibonyezebonyeze isije ikahama. Clémence alikaa mbele ya kioo muda mrefu, kisha akashusha pumzi. Akasema sasa amefanana na watu. Kwa kuwa gauni hilo lilimkaa vizuri, yote yaliyofuata Yasini aliyakata kwa vipimo vile vile, na kila mara Clémence alikumbusha jambo lile lile: pedi ya kushoto, fundi, usisahau. Begi lilibaki bega la kulia.

Mwaka huu alipata kazi ya kugawa chai katikati ya wiki, kwenye shamba moja nje ya jiji, kupita Midrand ambako watu hukutana kukaa bila nguo. Yasini aliposikia habari hizo mara ya kwanza, nusura ajitoboe kidole. Clémence alimweleza taratibu, kama mtu anayeeleza utaratibu wa kanisa jipya. Wafanyakazi huvaa sare. Wageni huvua kila kitu, na kila mmoja hutembea na taulo lake la kukalia, hiyo ni sheria. Alikuwapo mzee mwenye kovu kutoka kifuani mpaka kitovuni, anasoma gazeti. Alikuwapo mama mwenye titi moja, anageuza nyama motoni kwa uangalifu mkubwa. Katika watu wote wale, aliyeona aibu alikuwa yeye, aliyefunga vifungo mpaka shingoni.

Mwezi wa tatu Chloé, msimamizi wa pale, akamwambia kwamba mfanyakazi akiwa na mapumziko anaruhusiwa kuja kama mgeni. Alikwenda Jumamosi, maana Jumapili ana kwaya. Wiki ya kwanza taulo lilikuwa limefungwa kwapani. Ya pili likashuka kiunoni. Ya tatu alilikalia.

"Ukawauliza?" Yasini alisema. Pini zilikuwa zimeisha mdomoni.

"Mmoja mmoja, kaka. Nikasimama wima, nikasema, lipi limeshuka? Yule mzee akavaa miwani. Miwani tu."

"Akasema nini?"

"Hajui naongea habari gani."

"Na wewe ukamwamini."

"Mtu amekaa mbele yangu vile alivyozaliwa, atanificha nini?"

Yasini alicheka kwa mara ya kwanza mchana ule. Clémence hakucheka. Alijitazama kwenye kioo mara moja tu, akakipa mgongo.

"Sasa sikia, fundi. Safari hii sitaki pedi. Nataka nisimame na Cédric na mabega aliyonipa Mungu. Nikigundua umeniwekea kitu, gauni nalivua pale pale mbele ya padri. Siku hizi nimezoea."

"Nimekuelewa, dada."

Alimwomba asimame kawaida, asijikaze, akampima mabega upya kwa sababu ni gauni la harusi. Alipima mara tatu. Clémence alisimama kidevu juu, mikono imelegea. Yasini hakuwahi kumwona amesimama hivyo. Begi, Clémence alisema, amemgawia jirani. Kisha akabadilisha nguo, akaaga, akavuka kwenye roboti, zile taa za barabarani, huku anaimba.

Yasini akafungua daftari. Vipimo vya miaka sita nyuma, bega la kushoto na la kulia: namba ile ile. Chini yake akaandika vya leo. Kushoto, vile vile. Kulia, limeshuka upana wa kidole.

Alifunga daftari. Kisha akafumua bitana ya bega la kulia, akachagua pedi nyembamba kuliko zote, akaishona ndani kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana.

Tangu amfahamu Clémence, hiyo ndiyo ilikuwa pedi ya kwanza kumwekea.