Nyumba Itatoka Nzima

"Itatoka nzima," alisema Mama Sebya, "au haitoki."

Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya nyumba yake ya mianzi, mikono kiunoni, akimtazama Gorio kutoka juu. Gorio, msimamizi wa mashamba ya Don Fulgencio, alikuwa amekuja na panga na kibiriti. Nyumba ya mjane huyu ndiyo pekee iliyobaki shambani, na saa sita hakimu angefika kujionea kwa macho yake. Akimkuta mtu anaishi pale, wakulima wameshinda kesi. Akikuta uwanja mtupu, ardhi yote ni ya Don.

Nyumba nyingine Gorio alishaziondoa. Hakuwahi kugombana na kijiji; aligombana na mtu mmoja mmoja. Huyu alimtisha, yule alimzibia maji ya mpunga, mwingine alimnong'oneza kwamba jirani yake ndiye anayemsema kwa Don. Walipoacha kuaminiana walihama wenyewe, leo huyu, kesho yule, wakaenda kuishi ng'ambo ya mto kila mtu na chuki zake.

Ndiyo maana alishtuka kuwaona wakirudi asubuhi ile, wote kwa pamoja, na mianzi minene mabegani.

"Tumekuja kumbebea mwenzetu nyumba," alisema Mzee Ambo, aliyewatangulia. "Hicho kibiriti rudisha mfukoni, usije ukajiunguza."

"Mnaipeleka wapi?"

"Wewe unataka iende wapi?"

"Ng'ambo ya mto!"

"Basi umeshasema, bosi."

Vijana wakacheka. Gorio hakupenda kicheko kile. Aliapa kwamba wakiitelekeza njiani ataichoma hapohapo.

"Kama hutuamini, si upande ukae ndani?" alisema Mzee Ambo. "Ulinde mwenyewe. Tutakubeba kama askofu."

Gorio aliitazama njia iliyojaa tope, akavitazama viatu vyake vipya. Wazo halikuwa baya. Watu waliomlaani miaka yote wangembeba mabegani mwao, na kila mtu angeona.

Wanaume wakaipitisha mianzi chini ya sakafu na kuifunga kwa kamba. Wakateremsha vifuniko vya madirisha, wakavikaza ili kuta zisiyumbe. Uani, Mama Sebya alikuwa anachochea moto chini ya vyungu vitatu, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye anayewalisha wabebaji.

"Mama, una akili kweli?" Gorio alimpigia kelele kutoka mlangoni. "Nyumba inaondoka, wewe unainjika chungu!"

"Ulishawahi kubeba nyumba ya mtu, Gorio?"

"Bega langu si la punda."

"Basi nyamaza, mwanangu. Hujui kitu."

Gorio akafunga mlango kwa hasira.

"Moja, mbili, juu!"

Nyumba ikainuka yote kwa pamoja. Gorio aliikumbatia nguzo. Nje, Mzee Ambo alianzisha wimbo na wengine wakaupokea, na miguu yote ikafuata mdundo mmoja. Gorio aliufahamu wimbo huo tangu utotoni, ila alikuwa akiusikia kwa mbali tu. Hakuna aliyewahi kumwita aje kuitikia. Jambo hilo lilimuuma ghafla, akashangaa kwa nini linamuuma leo.

Humo ndani mlikuwa na giza na joto. Kitu pekee alichoweza kuona ni kilichopita chini ya nyufa za sakafu: nyasi, tope, miguu iliyokanyaga sako kwa bako. Waliokuwa hawasalimiani mwaka mzima walikuwa wakiambiana, "Shika hapo, ndugu yangu," na "Niachie mimi, wewe pumzika."

Kisha yakaja maji ya rangi ya udongo, yakiwafika magotini.

"Mtoni!" alishangilia Gorio.

"Maji hayo, bosi!" ilijibu sauti ya Mzee Ambo. "Usichungulie sana, utaanguka!"

"Msinitose!"

"Tukutose wapi? Tunakuhitaji!"

Kicheko kilipita kutoka mbele mpaka nyuma, na nyumba nzima ikatetemeka nacho.

"Kushoto! Polepole! Kushoto tena!"

"Gorio," iliita sauti ya mwanamke pembeni, "ukifa wewe, nani atakubeba?"

"Sihitaji kubebwa na mtu!"

"Basi shuka!"

Hakushuka. Alikaa chini sakafuni, akayakunja magoti, akajifariji kwa kuwaza jinsi Don atakavyomshika mkono mbele ya hakimu. Wacha wacheke. Mwisho wa siku shamba litakuwa tupu, nao wataishi na nyimbo zao.

Maji yakaisha, ukaja mwinuko, kisha nyumba ikaanza kushuka. Nguzo zikateleza na kuingia ardhini bila kugonga ukingo, kama mguu unavyoingia kwenye kiatu ulichokizoea.

"Kumbe mlishachimba na mashimo?" aliuliza Gorio.

"Zamani sana," alijibu mtu chini ya sakafu, akihema.

Wimbo ulikoma. Harufu ya mchuzi wa kuku na tangawizi ikapenya katika nyufa, na Gorio akakumbuka kwamba alitoka kwake bila kula. Wamemrusha juu na chini kama gunia, wamemcheka, sasa wanadhani watakula bila yeye! Akasimama, akajikung'uta, akaupiga mlango teke.

"Sitoki humu!" alinguruma akiwa kizingitini. "Aje Don, aje hakimu, hanitoi mtu mpaka nimeshiba!"

Chini ya ngazi, palepale alipokuwa amesimama Gorio asubuhi na panga lake, Don Fulgencio alikuwa ameduwaa chini ya mwavuli. Kando yake mtu mfupi mwenye miwani alivua kofia kwa adabu.

"Wala hatuna haraka, mwenye nyumba," alisema hakimu. "Nilitaka tu kujua umeishi hapa tangu lini."